Gyeongju (Korea Kusini): wapi nitapata chakula cha Kijapani kisicho na pilipili wala kitimoto?

#1 Tumbo_Joto
Habari wakuu,
Niko Daegu mwaka wa pili sasa, nasoma. Mama watoto anakuja kutoka Tanga mwishoni mwa Machi na nimemwahidi kumpeleka Gyeongju wiki ya kwanza ya Aprili, sakura zikichanua. Makaburi ya wafalme, hekalu la Bulguksa, ziwa la Bomun, yote hayo nimeshayapanga. Kilichobaki ni tumbo.

Mimi nina vidonda vya tumbo na daktari kanipiga marufuku pilipili. Anayeishi hapa anajua maana yake: unaagiza supu ya soya, inakuja na pilipili inaelea. Mwenzangu naye ni Mwislamu, kitimoto hagusi. Nimewaza sana nikaona Kijapani ndiyo njia ya kutokea. Gyeongju nilipita mara moja na darasa zima, tukapelekwa kula ssambap (wali wa kufungia kwenye majani), lakini barabarani niliona vibao vya Kijapani vingi mpaka nikashangaa.

Wapi pa kula? Isizidi won 40,000 kwa mlo wa watu wawili. Na swali la pembeni: mji wa kale namna ile, Wajapani wameingiaje mezani?
Nawasilisha.

#2 Ngoja_Waje
Naweka kambi hapa.

#3 KisuButu
Mkuu unaenda mji mkuu wa Joseon, wafalme wamekaa pale miaka 500, halafu unatafuta sushi? Ni sawa na mtu aende Zanzibar akaulize pizza.

#4 Mpemba_Mkimya
KisuButu, pizza Forodhani ipo. Na Mtaliano akiiona hataijua.

#5 Babu_Silla
KisuButu #3, umechanganya madesa. Mji mkuu wa Joseon ulikuwa Hanyang, ndiyo Seoul ya leo. Gyeongju ulikuwa mji mkuu wa Silla, ufalme wa kale zaidi, kuanzia mwaka 57 kabla ya Kristo kwa hesabu ya jadi mpaka 935. Karibu miaka elfu. Vile vilima vya nyasi katikati ya mji, watoto wanapiga picha mbele yake, ni makaburi. Eneo la kihistoria la mji liliingia orodha ya UNESCO mwaka 2000. Hekalu la Bulguksa na pango la Seokguram vilitangulia mwaka 1995.

#6 KisuButu
Sawa babu, nimekaa chini. Lakini hoja yangu ya sushi iko palepale.

#7 Shangazi_Vijiti
Tumbo_Joto, mimi nimeishi Busan miaka tisa, Gyeongju naenda kama naenda sokoni. Nenda Hwangnidan-gil. Ni ile barabara ya Hwangnam-dong inayopita pembeni ya Daereungwon, penye makaburi. Nyumba ni za hanok, zile za jadi za Kikorea, paa za vigae vyeusi, ndani wamefungua mikahawa na migahawa. Utakuta bakuli za wali zilizofunikwa tempura (vitu vya kukaanga na unga), ramen (tambi za supu), sushi, na ile nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na chenga za mkate, unaletewa kijiwe chenye moto chini unamalizia kuichoma mwenyewe.

Majina siweki. Kwanza mods wa hapa wanafuta matangazo, pili pale duka la mwaka jana mwaka huu ni duka la aiskrimu. Fungua Naver Map, maana ramani ya Google kwa njia za miguu hapa Korea haikusaidii, halafu andika 텐동 kwa bakuli la tempura, 초밥 kwa sushi, 우동 kwa udon, zile tambi nene. Soma maoni ya karibuni tu.

Na kariri sentensi mbili. "An maepge haejuseyo", wasikutilie ukali. "Dwaejigogi ppaejuseyo", watoe nguruwe.

#8 Tumbo_Joto
Shangazi asante sana. Hiyo ya pili nitamwandikia mama watoto kwenye karatasi kabisa.

#9 Mpemba_Mkimya
Shangazi #7, tafadhali usimpoteze mke wa mtu. Kumtoa nguruwe kwenye sahani hakutoshi. Tempura ni kamba na mboga, sawa, lakini muulize mwenye duka kama mafuta yale yale hayakukaanga tonkatsu, yaani kitimoto, asubuhi. Ramen nyingi supu yake ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa mpaka ikawa nyeupe kama tui. Ile nyama ya kijiwe ni ya ng'ombe, lakini nani kachinja? Mchuzi wa udon ni wa samaki mkavu, vizuri, ila mara nyingi hutiwa mirin, na mirin ni mvinyo wa wali. Hata lile yai tamu la juu ya sushi huwekwa mirin.

Mimi nikiwa safarini nakula samaki mbichi na wali mweupe. Basi.

#10 Ulsan254
Mpemba, kwa hesabu hiyo atakula hewa. Mimi pia ni Mwislamu, wa Malindi, niko Ulsan nasomea mambo ya nyuklia, na udon nakula. Kila mtu na mizani yake. Tumbo_Joto, mwulize mwenyewe mkeo anasimamia wapi kabla hujapanga chochote.

Akitaka nyama ya halali, Gyeongju kuna mtaa unaitwa Seonggeon-dong wanakoishi wageni wengi, wakiwemo Wakorea waliotoka Uzbekistan na nchi za jirani. Kule unapata mikate ya tanuri, mishikaki na pilau ya kwao yenye karoti. Si Kijapani lakini tumbo halitalalamika. Muulize tu mwenye duka kuhusu nyama.

#11 KisuButu
Sasa tumetoka sushi tumefika pilau. Uzi mtamu huu.

#12 Dereva_wa_Ndoto
Mimi nashangaa hakuna aliyetaja donkaseu. Chakula bora cha Kijapani Korea nzima, na hakina pilipili hata chembe!

Nilikula njiani kwenda Bulguksa. Inakuja kwanza bakuli ndogo ya supu ya krimu, unanyunyizia pilipili manga. Halafu sahani pana kuliko uso wangu. Nyama imepondwa ikawa nyembamba kama chapati, imekaangwa, imemwagiwa mchuzi wa kahawia mtamu. Pembeni wali umefinyangwa kwa bakuli kama ugali wa mgeni, kabichi iliyochanwa na sosi ya pinki, na vipande viwili vya kitu cha njano. Nilidhani ni achari ya embe. Nikatafuna kwa hamu, kumbe figili! Unakula kwa kisu na uma, siyo vijiti.

#13 Mpemba_Mkimya
Ndugu, "don" hiyo ndiyo nguruwe yenyewe. Umemshauri mke wa mtu ale kitimoto kwa kisu na uma.

#14 Dereva_wa_Ndoto
Duh. Niwieni radhi. Basi ipo ya samaki pia, "saengseon-kkaseu".

#15 Mpemba_Mkimya
Mafuta yale yale.

#16 Shangazi_Vijiti
Dereva #12, halafu hiyo uliyokula si ya Kijapani kivile. Asili yake ni vyakula vya Kizungu vilivyopikwa Kijapani, vikaja Korea, Wakorea wakaviuza kwenye migahawa ya "kizungu" ambako baba zao walipeleka wachumba miaka ya sitini na sabini. Ndiyo maana kisu na uma, ndiyo maana supu ya krimu. Ya Kijapani inakuja nene, imeshakatwa, imelazwa juu ya kiwavu cha chuma isilowe, unapewa ufuta na kinu kidogo usage mwenyewe. Gyeongju utakuta zote mbili, wakati mwingine mtaa mmoja, na zote zimeandikwa 돈까스.

#17 KisuButu
Kwa hiyo ni chakula cha Kizungu, cha Kijapani, au cha Kikorea?

#18 Dereva_wa_Ndoto
Ni cha kushiba.

#19 Ngoja_Waje
Bado nipo kambini. Swali la OP la pembeni halijajibiwa: kwa nini Kijapani pale?

#20 Babu_Silla
Ngoja nijaribu. Japani ilitawala Korea 1910 hadi 1945. Gyeongju haikusalimika. Mwaka 1921 watu wakichimba kupanua nyumba mjini walikuta taji la dhahabu, na kaburi lile likaitwa Kaburi la Taji la Dhahabu. Miaka mitano baadaye lilichimbwa jingine, mwanamfalme wa Sweden akiwa ziarani akashiriki, ndiyo maana jina lake, Seobongchong, lina herufi ya jina la Sweden. Wajapani waliokuja enzi hizo walikula na kulala pale. Udon, figili ya njano, keki za samaki, vyote viliota mizizi kipindi kile. Kwa hiyo jibu ni ukoloni.

#21 Shangazi_Vijiti
Babu nakuheshimu, lakini hapana. Figili ya njano ndiyo, ya ukoloni. Bakuli la tempura la won 14,000 lenye kamba wawili wamesimama wima kama minara si la ukoloni. Hwangnidan-gil yenyewe ni ya juzi tu, jina limetoholewa kutoka Gyeongnidan-gil ya Seoul. Vijana walikuja wakakuta nyumba za zamani za bei nafuu wakafungua maduka. Kijana wa Kikorea siku hizi anaenda Osaka kama wewe unavyoenda Bagamoyo, anarudi anataka alichokula kule.

#22 Ulsan254
Mimi naongeza la majengo. Mtaa ule uko ndani ya eneo la urithi, kwa miaka mingi huwezi kujenga ghorofa. Nyumba ndogo, jiko dogo. Nyama ya kuchoma mezani inataka mabomba ya moshi na nafasi. Bakuli moja la wali linataka jiko la mita mbili na mtu mmoja.

#23 Mama_Chapati
Nyote mmezunguka mbuyu. Jibu ni mtu anayesafiri peke yake. Mimi nilienda Gyeongju mwenyewe. Ssambap yenu hiyo maarufu, ile meza yenye visahani ishirini na majani ya kufungia wali, kila nilipoingia mama ananionyesha vidole viwili: kuanzia watu wawili. Mara tatu nimefukuzwa kwa tabasamu. Mahali pekee niliponyooshewa kiti bila swali ni kaunta ya ramen. Unabonyeza mashine mlangoni, unalipa, unakaa umetazama ukuta. Kijapani pale ni chakula cha wapweke.

#24 KisuButu
Mama_Chapati umetisha. Pole kwa vidole viwili.

#25 Babu_Silla
Nakubali nusu. Lakini msisahau uhusiano na Japani ni mrefu kuliko hiyo migahawa. Gyeongju na Nara ya Japani ni miji dada tangu 1970, miji mikuu ya kale yote miwili, na watalii wa Kijapani wamekuja Bomun miongo mingi.

Na kichekesho kwa OP anayekimbilia Kijapani ili akwepe pilipili: wengi wanasema pilipili yenyewe iliingia Korea kupitia Japani, karibu na vita vya 1592 hadi 1598. Mwanazuoni Yi Su-gwang mwaka 1614 aliandika kwamba imetoka Japani na watu wanaiita haradali ya Wajapani. Wapo watafiti wa Kikorea wanaopinga, wanasema ilikuwepo kabla.

#26 Tumbo_Joto
Yaani aliyenichoma tumbo ndiye ninayemkimbilia? Babu umeniharibia siku.

#27 Ulsan254
Babu, hata hilo la watalii wa Kijapani lina mawimbi yake. Julai 2019 Japani ilipobana usafirishaji wa malighafi za viwanda kuja Korea, watu hapa walisusia kila cha Kijapani, kuanzia bia.

#28 Shangazi_Vijiti
Nilikuwepo. Duka la udon nililozoea Busan lilibandika karatasi mlangoni: mwenye duka Mkorea, unga wa Korea, mpishi Mkorea. Mzee wa watu alikuwa anakata tambi zake kwa mkono tangu sijafika, siku ile viti vitupu. Nilikula bakuli mbili kwa huruma.

#29 Mtu_wa_Paje
Naona mmesahau kitu: gimbap (wali wa kufungwa wa Kikorea) na sushi zote zinafungwa kwa mwani, na mwani ni wetu Zanzibar. Kwa hiyo OP ale kwa amani, anakula cha nyumbani.

#30 Mpemba_Mkimya
Jirani, mwani wa Paje na Jambiani unakwenda nje kutengenezwa unga wa kugandishia vyakula na dawa za meno. Huu wa kufungia wali ni aina nyingine kabisa, unaota maji baridi. Ukijaribu kufungia wali kwa mwani wetu utakuwa umefunga kwa kamba.

#31 KisuButu
😂😂 Amefungwa yeye.

#32 Babu_Silla
OP, kama una siku ya pili mpeleke mkeo baharini. Gyeongju ina pwani, wengi hawajui. Pale Bonggil kuna mwamba mita kama 200 kutoka ufukweni, ndiyo kaburi la mfalme Munmu aliyefariki 681. Inasimuliwa aliusia azikwe baharini ili ageuke joka, alinde nchi dhidi ya wavamizi wa Kijapani.

#33 KisuButu
Mfalme kajigeuza joka kuwazuia Wajapani, na Tumbo_Joto anapita pembeni yake akiulizia wasabi. Narudia #3.

#34 Shangazi_Vijiti
Babu kanikumbusha. Ukishafika Bonggil usirudi mjini, panda kaskazini mpaka Gampo. Basi namba 100 kutoka mjini linafika. Gampo ni bandari ya wavuvi, enzi za ukoloni walikaa wavuvi wa Kijapani, na kichochoro chenye nyumba zao za mbao bado kipo.

Pale unakula samaki mbichi kwa namna ambayo mtu wa Tanga ataielewa mara moja. Ni kama Feri ya Dar. Unapita kwenye matangi, unanyoosha kidole, mama mwenye mabuti ya mpira na glavu za pinki anamtoa, anampima kwenye beseni lenye matundu huku samaki anarusha maji usoni kwako, mnakubaliana bei. Anampiga kichwani mara moja, anamchuna ngozi kama anavua soksi, vipande vinatua kwenye sahani bado vinang'aa. Halafu unapanda juu kwenye chumba cha kukaa, unalipa pesa kidogo ya meza kwa kila kichwa, unapewa majani, vitunguu saumu na sosi. Mifupa inarudi jikoni kupikwa supu. Supu ndiyo ina pilipili, waombe isiwe na ukali. Pale gayogayo ndiye mfalme.

Nguruwe hayupo, mafuta hayapo, mirin haipo. Mpemba upo?

#35 Mpemba_Mkimya
Nipo. Hiyo sina neno.

#36 KisuButu
Ila hiyo inaitwa hoe. Ni ya Kikorea, si Kijapani. OP aliuliza Kijapani.

#37 Shangazi_Vijiti
Ukimchovya kwenye pilipili tamu, hoe. Ukimchovya kwenye sosi ya soya na wasabi, ule ukali wa kijani wa Wajapani, mjukuu wako atakwambia ni sashimi. Wanaojua wanasema tofauti iko kwenye samaki: hapa wanapenda aliyetoka kwenye tangi dakika hiyo, nyama inakaza menoni. Mjapani mara nyingi humlaza kwanza ili alainike na ladha ije juu.

#38 Dereva_wa_Ndoto
Hebu nisaidieni, wa Seoul anashukia wapi? Mimi nilishuka kituo cha katikati ya mji zamani.

#39 Ulsan254
Cha katikati kilifungwa Desemba 2021. Treni ya kasi inashukia nje ya mji, kituo kilichokuwa Singyeongju, tangu Desemba 2023 kinaitwa Gyeongju tu. Kutoka pale ni basi au teksi. OP yuko Daegu, apande basi la mikoani, linamshusha mjini kabisa, makaburini anatembea kwa miguu.

#40 Mama_Chapati
Na asikose mkate wa won 10! Una umbo la sarafu yenye pagoda ya Bulguksa, ndani jibini inavutika mkono mzima. Japani nao wametengeneza wao wa yeni 10.

#41 KisuButu
Hatimaye kitu ambacho Wajapani ndio wameiga. Funga uzi.

#42 Tumbo_Joto
MREJESHO. Wakuu tumerudi jana usiku.

Jumamosi tulifika Hwangnidan-gil saa sita mchana. Watu kama Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Duka la tempura: unaandika namba ya simu kwenye tableti mlangoni, ujumbe unakuja zamu yako ikifika. Mbele yetu meza 31. Tukasubiri dakika hamsini, mama watoto viatu vinamuuma, nikaona nisivunje ndoa kwa ajili ya kamba wawili. Nilipiga picha ya foleni tu.

Tukaingia uchochoro wa nyuma, duka la udon, meza nne. Nikasema sentensi zote mbili za Shangazi kwa sauti. Mama mwenye duka akatabasamu, akaenda, akarudi na bakuli. Juu ya udon ya Kijapani kuna vitunguu vya majani, vipande vya keki ya samaki, na kijiko cha UNGA WA PILIPILI. Pembeni kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa na pilipili. Nikamwonyesha, akachukua kijiko akautoa kwa upole, akaniambia huo kidogo hauhesabiki. Nilikunywa mchuzi kwa juu juu. Mama watoto aliuliza mchuzi wa nini, akaambiwa dagaa na mwani, akasema bismillah akamaliza. Mpemba nisamehe, la mirin sikuuliza.

Jumapili tukaenda Gampo kama alivyoelekeza Shangazi. Gayogayo mmoja na ngisi, tulizidisha bajeti kidogo. Mimi nilichovya kwenye sosi ya soya. Sasa sikilizeni. Mama watoto, niliyemlinda safari nzima asikutane na pilipili kwa sababu yangu, aliivuta ile sosi nyekundu, akaionja kwa ncha ya kidole, akasema "kumbe walikuwa na hii siku zote?" Akamaliza kibakuli, akaomba cha pili, na ile supu ya mifupa akamwambia mama muuza samaki kwa ishara aongeze ukali. Mama yule alimkumbatia.

#43 Shangazi_Vijiti
😂😂😂 Mtoto wa Tanga huyo. Amenipa raha.

#44 Mpemba_Mkimya
Aliyesema bismillah tumwachie na niya yake.

#45 Mama_Chapati
Udon yenye unga wa pilipili na kimchi. Haya, Babu na Shangazi, hiyo ni ya ukoloni au ya vijana wa Osaka?

#46 Babu_Silla
Unga wa pilipili juu ya udon hata Wajapani wanao, wanachanganya na ufuta na maganda ya chungwa. Kimchi ndiyo ushahidi wangu.

#47 Shangazi_Vijiti
Ushahidi wa nini? Kimchi hapa unapewa hata kwenye spageti.

#48 KisuButu
Kwa hiyo kwa kifupi OP hakula chakula cha Kijapani.

#49 Tumbo_Joto
Wasabi nilikula. Daktari hakuitaja.

#50 Ngoja_Waje
Kambi naivunja, naenda wiki ijayo. Shangazi, hilo basi namba 100, la mwisho kurudi kutoka Gampo ni saa ngapi?